Nilivyovuka Mpaka Kinyumenyume

Mchumba wangu alikuwa na pasipoti iliyochoka. Kwa miaka mitatu alikuwa akitoka Migori, upande wa Kenya, kuja Mwanza kununua dagaa wa kutengenezea chakula cha kuku, na kila safari ilimwachia mihuri: wa kutoka kwao, wa kuingia kwetu, wa kutoka kwetu, wa kuingia kwao. Akifika dukani kwangu Mabatini, ninapouza vipuri vya pikipiki, nilikuwa naichukua pasipoti ile na kuikagua ukurasa kwa ukurasa huku wateja wakisubiri plagi zao. Kuna mwezi mmoja alikuja mara tatu. Nikamuuliza hao kuku wake wanakula nini hasa, maana hata bata mzinga hamalizi dagaa kwa kasi hiyo. Akacheka, akaangalia viatu vyake, na mimi nikajua kwamba nimeshapendwa.

Pasipoti yangu mimi ilikuwa mpya, ngumu, inanukia gundi. Haikuwa na mhuri hata mmoja. Wa kwanza ungegongwa siku ya harusi yangu, na niliungojea karibu sawa na nilivyoingojea pete. Sioni aibu kusema hivyo.

Tena mhuri ule haukuwa pambo. Mchungaji wa kule Migori, ambaye angetufungisha ndoa saa nane mchana, alikuwa ametuambia mapema kabisa kwamba hataandika cheti cha ndoa ya mgeni kabla hajaona kwa macho yake kwamba mgeni huyo ameingia nchini kihalali. Na saa kumi kanisa lilikuwa na harusi nyingine. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mhuri, kanisa, mume. Ukikosekana wa kwanza, na wengine wawili hawapo.

Sasa nieleze mila ya kwetu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini niliingia kwenye jengo la uhamiaji kwa kutanguliza kisogo.

Katika ukoo wa baba yangu, binti akishaagwa nyumbani hageuki. Anatoka mlangoni, anatazama mbele, na hatazami nyuma mpaka afike kwa mumewe na ndoa ifungwe. Akigeuka, wanasema, moyo unabaki nyumbani na mwili unaenda peke yake, na mwanamke wa namna hiyo hakai kwenye ndoa. Wazazi hawamsindikizi. Anayemsindikiza ni shangazi, na kazi ya shangazi ni moja tu, kuhakikisha shingo ya bibi harusi haizunguki.

Shangazi yangu alikuja kutoka Sengerema siku mbili kabla. Alipita kwenye lile daraja jipya akiwa amefumba macho, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa sababu alishazoea kuvuka maji kwa kivuko na hakuona sababu ya ziwa kupitwa kwa juu kama barabara. Alikuwa ameshachomwa sindano ya homa ya manjano kwa ajili ya safari, na mkono wake ulimuuma wiki nzima, na kila mtu aliyemsalimia pale nyumbani Buhongwa alionyeshwa mahali sindano ilipoingia.

Alfajiri ya siku ile nilitoka. Nilifunikwa kanga kichwani, nikaona miguu yangu tu. Watu wakaimba, wakapiga vigelegele, na katikati ya kelele zote zile nikasikia sauti ya mama nyuma yangu ikiniita kwa lile jina la utotoni ambalo analitumia yeye tu. Sikugeuka. Shangazi alikuwa ameshika shingo yangu kwa vidole viwili, lakini hata asingeshika nisingegeuka, kwa sababu ningeona uso wa mama nisingepanda gari. Nilipanda basi letu dogo, Kosta, nikilia, na kufika Magu nilikuwa nacheka. Ndivyo nilivyo. Nikiogopa nacheka, na siku ile niliogopa sana.

Tulikuwa watu ishirini ndani ya ile Kosta, wote wa kwetu isipokuwa msimamizi wangu wa harusi. Huyo nilisoma naye chuo na ni Mmalawi. Nchi yake haimo kwenye Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, kwa hiyo yeye alijiandaa kama mtu anayekwenda mwezini: pasipoti, nakala ya pasipoti, barua ya mwaliko, kadi ya chanjo, picha ndogo sita ambazo hakuna aliyemwomba. Sisi wengine tulimcheka kuanzia Lamadi hadi Tarime. Tulimwambia kwamba sisi ni wenyeji wa Jumuiya, sisi tunapita kama tunavyopita sebuleni kwetu. Yeye akakumbatia mkoba wake, na kwa usalama akachukua pasipoti yangu pia akaiweka humo. Lilikuwa jambo la busara, ila ndilo nusura lituue.

Tulifika Sirari, mpakani, saa tano kasoro. Pale siku hizi kuna jengo la pamoja, ambamo maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Ukitoka Tanzania huna haja ya kupanga foleni mara mbili kwenye majengo mawili. Unalipita jengo la kwetu, unaingia lile la upande wa Kenya, na humo humo Mtanzania anakutoa kwenye dirisha lake na Mkenya anakuingiza kwenye dirisha la pili. Hatua tatu, nne, umebadili nchi. Mchumba wangu alikuwa amenieleza hayo yote mpaka nikayaota.

Ambalo hakunieleza ni kwamba shangazi zake na dada zake wangekuja kunipokea.

Wanawake wale wanaishi pale pale mpakani. Asubuhi wananunua nyanya upande huu, jioni wanasaga mahindi upande ule, na wala hawajui ni lini hasa wanakuwa wamevuka. Walikuja mpaka kwenye mlango wa Kosta yetu, ambayo ilikuwa imesimama nyuma ya malori, wakiwa na vitenge tele mikononi. Wakavitandika chini. Niliposhuka, nikiwa nimefunikwa na nimeinamisha uso kama bibi harusi anavyopaswa, mguu wangu ulikanyaga kitenge badala ya vumbi. Nikakanyaga cha pili, cha tatu. Nilivyokuwa nakiacha kimoja, walikiokota nyuma wakakikimbiza mbele, wakaimba, wakapiga vigelegele, na Shangazi akaimba kwa nguvu kuliko wote ili wajue kwamba na sisi tuna mapafu. Nilimwona jogoo wa kitenge, nikaona maua, nikaona feni, nikaona samaki. Dunia yangu yote ilikuwa kitambaa. Nilijisikia malkia, na sikujua ninakwenda wapi, na wala sikujali.

Nilipofunuliwa nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya mgahawa, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, chapati mbele yangu. Nikamuuliza Shangazi kama jengo liko karibu, maana nina hamu na mhuri wangu. Kabla hajajibu, simu yake ikatetemeka ndani ya blauzi. Akaitoa, akainyoosha mbali na macho, akanipa nisome. Ulikuwa ujumbe wa mtandao wa simu, unatukaribisha Kenya.

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Wale wanawake wema walinipitisha njia yao ya kila siku, ile ya nyanya, nyuma ya maduka, na mpaka wa kimataifa ulikuwa umepita chini ya vitenge bila mimi kuuona. Mchumba wangu alipotuma ujumbe kuuliza niko wapi, nilimjibu kwamba niko Kenya, ila Tanzania haijui, na Kenya nayo haijui. Hakucheka. Alijibu kwamba mchungaji ameshafika kanisani.

Wakati huohuo kule kwenye jengo wenzangu kumi na wanane walikuwa wameshagongewa. Wa kwanza kupita alikuwa Mmalawi wetu. Ofisa wa Kenya alimuuliza maswali, ofisa wa Tanzania akaongezea kwamba alivyoingia kwetu alikaguliwa vizuri, wakaangalia skrini ya kompyuta pamoja, wakaridhika. Mgeni pekee wa safari alimaliza kwa dakika chache. Aliyekosekana kwenye orodha alikuwa mwenyeji wa Jumuiya, pamoja na shangazi yake.

Wakatufuata kwa sauti ya vigelegele. Msimamizi wangu alikuja na ofisa wa Kenya, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alisimama mlangoni mwa mgahawa, akatazama kanga, vitenge, vigelegele vilivyokatika ghafla, na kikombe changu. Alisema kwa upole kwamba nimeingia Kenya bila kuingia, na kwamba lazima nirudi kwenye jengo, nianze kwenye dirisha la Tanzania nitolewe, ndipo yeye aniingize.

Kusikia neno "nirudi", Shangazi aliweka chapati chini.

"Harudi," alisema.

Ofisa akaeleza kwamba jengo ni mita mia mbili tu. Shangazi akasema hata ingekuwa mita mbili. Ofisa akaeleza kwamba jengo lenyewe liko ndani ya ardhi ya Kenya, kwa hiyo sitakuwa nimerudi Tanzania. Hapo Shangazi akakaa vizuri kwenye kiti, na mimi nikajua kwamba kijana wa watu ameingia mtegoni.

"Hilo dirisha mnalosema, nani anakaa ndani?"

"Ofisa wa Tanzania, mama."

"Anatumia sheria ya nani?"

"Ya Tanzania."

"Basi hapo ni nyumbani. Mtoto nimemtoa nyumbani leo alfajiri. Harudi nyumbani."

Baadaye kijana alikiri kwangu kwamba kwenye mafunzo yao walifundishwa siku nzima kwamba dirisha lile, ingawa liko Kenya, kisheria ni Tanzania, na hakutegemea kushindwa somo hilo na mama wa Sengerema ambaye hajawahi kuliona. Alijaribu tena. Alisema bila mhuri mimi ni mtu aliyeingia nchini kinyume cha sheria, na badala ya kanisani naweza kupelekwa kwingine. Wale wanawake waliotupokea wakaanza kulaumiana kwa Kijaluo. Msimamizi wangu akaangalia saa: saa sita kasoro robo.

Nami nilikuwa nimekaa katikati, na kicheko kimeanza kunikauka. Shangazi asingenilazimisha kwa nguvu, nilijua hilo. Ningeweza kusimama nikageuka nikaenda. Lakini kitu kingine nilikuwa nakijua pia: nilikuwa nimeikataa sauti ya mama asubuhi ile kwa ajili ya mila hii. Kama nilishindwa kugeuka kwa mama yangu, nitageuka kwa ajili ya mhuri? Hapana. Na kuikosa ndoa je? Hapana vilevile. Nilimtaka yule mla dagaa wangu kuliko kitu chochote.

Ndipo nikauliza, kwa sauti ndogo, kama mtu akirudi kinyumenyume atakuwa amegeuka.

Shangazi alifumba macho kwa muda mrefu, nadhani alikuwa anawauliza marehemu wote mmoja mmoja kwa mpangilio wa umri. Akayafumbua.

"Uso ukibaki kwa wakwe," alisema, "hujageuka."

Basi tukatoka. Vitenge vikatandikwa tena, safari hii nyuma yangu, na mimi nikaanza kutembea kinyumenyume kuelekea Tanzania huku uso umeelekea Migori. Shangazi alinishika kiwiko upande mmoja, yeye akitembea kawaida, maana alisema yeye alishaolewa zamani na anageuka anavyotaka. Upande wa pili msimamizi wangu alinishika akininong'oneza: kushoto, kulia, jiwe, shimo, mbuzi. Kweli alikuwepo mbuzi. Waendesha bodaboda walisimamisha magari bila kuombwa. Dereva mmoja wa lori akapiga honi kwa mapigo ya ngoma, mwingine akamjibu. Ofisa wetu alitembea mbele yangu, yaani upande wa uso wangu, akijitahidi kuonekana mtu aliye kazini, na mabega yakimtetemeka. Mimi nilicheka kiasi kwamba mara mbili tulisimama nipumue. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nilikuwa sina nchi.

Tuliingia ndani ya jengo hivyohivyo. Kwenye dirisha la Tanzania alikuwepo mama wa makamo, mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Nikamwamkia shikamoo kwa kisogo. Akaitikia marahaba, kisha akasema tangu aanze kazi hajawahi kusalimiwa na nywele. Shangazi akamweleza habari yote, kwa kirefu, akianzia na babu. Yule mama alisikiliza, akasema sawa, ila yeye lazima auone uso wa anayemtoa. Basi akainuka kwenye kiti chake, akazunguka, akatoka mlangoni na pasipoti yangu mkononi, akaja kusimama mbele yangu. Akatazama picha, akanitazama. Alinitazama zaidi ya ilivyohitajika.

"Mama yako amebaki?" aliniuliza.

Nikatikisa kichwa kuitikia. Alirudi dirishani, na nikausikia mhuri wangu wa kwanza ukigonga nyuma yangu, kisha wa Shangazi.

Dirisha la pili lilikuwa hatua tatu mbele, na hatua hizo nilitembea kama watu wengine. Kijana wetu alikuwa ameshakiwahi kiti chake. Wakati kompyuta inafikiri nilimuuliza, kwa vile sasa nilikuwa na ujasiri, kwa nini wanatusumbua hivi sisi wa humu kwa humu wakati tunaambiwa tutembeleane. Alisema hawana shida na mimi kutembea. Ila mtu wa mbali akiingilia nchi moja ya Jumuiya, anaweza kutembea mpaka nchi zote, hivyo inabidi kila nchi iweze kuiambia nyingine nani yuko ndani. "Nikishindwa kujua bibi harusi ameingiaje," alisema, "nitajuaje mwingine ameingiaje?" Niliona ana haki. Msimamizi wangu mwenye picha zake sita aliona ana haki zaidi.

Kisha akaniuliza swali la mwisho, lile analomuuliza kila mtu.

"Utakaa muda gani?"

Safari nzima nilikuwa nawaza kufika. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mtu atataka nitamke, mbele ya dirisha, kwamba siendi kutembea.

"Naolewa," nikasema hatimaye.

"Pole, dada, huo si muda."

"Mwandikie wote mlionao," Shangazi akasema kwa nyuma.

Ofisa akasema muda wote alionao kwa mwananchi wa Jumuiya ni miezi sita.

"Halafu?"

"Halafu kama hajapata kibali cha kuishi, anatakiwa arudi kwao, mama."

Nilitegemea vita nyingine. Badala yake nilisikia kwikwi moja, kisha ya pili, nikadhani Shangazi anacheka, na mimi nikaanza kucheka pamoja naye. Lakini hakuwa anacheka. Mwanamke aliyenishika shingo tangu alfajiri alikuwa analia kwenye ukingo wa kanga yake, na kati ya kwikwi akamtaka kijana aseme tena, kwa sauti, wote wasikie. Akasema tena. Miezi sita, arudi kwao. Shangazi akasema kumbe serikali inamrudisha mtoto. Kumbe yeye amebeba mzigo bure, usiku mzima hakulala akifikiri anampeleka mtoto wa kaka yake mahali pasipo na kurudi, kama walivyompeleka yeye, akakaa miaka minne bila kumwona mama yake, ingawa ndoa ilishafungwa, kwa kuogopa kuonekana amegeuka.

Sikuwahi kulijua hilo. Nadhani hakuna aliyelijua.

Nilimwambia ndoa ikifungwa nitageuka kila upande, nitazunguka kama pia. Akanipiga begani kwa ule mkono wake mzima, akasema nisimletee utani. Halafu akatoa simu kwenye blauzi akampigia mama, huku mihuri yetu ya pili ikiwa bado haijakauka, na msimamizi wangu akituonyesha saa: saa saba kasoro kumi, na Migori bado.

"Wifi," alisema, "anarudi. Miezi sita. Si maneno yangu, ni serikali."

Upande wa pili nilisikia sauti ya mama, ndogo, ikiuliza ni tarehe ngapi hasa. Shangazi akaniomba pasipoti. Akaazima miwani ya yule mama wa dirisha la Tanzania, akaivaa, akainamia ukurasa, akamsomea tarehe, na mama akaomba asomewe tena polepole, anaandika.